Jamaa ya Lykov: Je, Mtu Aweza Kujitosheleza Msituni?

Wasomaji wa gazeti letu watakumbuka kwamba muhula uliopita chama chetu cha mjadala kilikuwa na hoja hii: kwamba mtu aweza kuishi maisha mema bila msaada wa wenziwe. Mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji wa upande wa kukubali. Nilisema kwamba mwenye shoka, jembe na mikono miwili hahitaji duka, wala soko, wala serikali. Nilipigiwa makofi mengi, na upande wetu ukashinda kwa kura. Lakini nakiri kwamba nilisema maneno yale bila kuwa na mfano hata mmoja wa mtu aliyejaribu. Tangu siku ile nimesoma habari za watu waliojaribu kweli, tena si kwa majuma mawili ya likizo bali kwa miaka 42, nami imenilazimu kufikiri upya. Nawaletea habari hizo hapa ili wale waliopiga kura pamoja nami wapate kupima wenyewe.

Watu hao ni jamaa ya Lykov wa nchi ya Urusi. Walikaa kusini mwa Siberia, katika milima ambamo mto Abakan unaanzia. Sisi huku tumezoea kwamba ukitembea nusu siku hukosi kuona moshi wa jiko la mtu, au kusikia jogoo. Kule sivyo. Ni msitu wa misonobari, uitwao taiga, na kutoka kibanda chao mpaka kijiji cha karibu palikuwa na kilomita 250 hivi. Njia hakuna. Baridi huanza mwezi wa Septemba, na theluji huweza kukaa mpaka Mei. Mkulima wa huko ana miezi michache tu ya kupanda na kuvuna, na akikosa, hana msimu wa pili wa mvua wa kumwokoa kama tulivyo nao sisi.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini walikwenda huko, maana hawakwenda kwa kupenda upweke. Walikuwa Wakristo wa dhehebu la Waumini wa Kale. Katika karne ya 17 mkuu wa kanisa la Urusi, Patriarki Nikon, alibadili baadhi ya desturi za ibada. Watu wengi wakakataa, kwa mfano kufanya ishara ya msalaba kwa vidole vitatu badala ya viwili kama walivyofundishwa na wazee wao. Kwa ajili ya vidole hivyo watu walifungwa, na wengine wakauawa. Baadaye Mfalme Petro Mkuu aliwatoza kodi wanaume waliofuga ndevu, jambo ambalo Waumini wa Kale waliliona kuwa dhambi juu ya dhambi. Wengi wakakimbilia Siberia. Mzee Karp Lykov alikuwa akimsema Mfalme Petro kwa hasira kana kwamba alimwona juzi, na huyo mfalme alikuwa amekufa tangu 1725! (Kila mwanafunzi anayelalamika kwamba historia ni mambo ya wafu na amfikirie mzee huyu.)

Baada ya mapinduzi ya 1917 watawala wapya hawakupenda dini yo yote. Basi siku moja katika mwaka 1936 Karp alikuwa akifanya kazi shambani pamoja na ndugu yake. Askari wa doria wakafika, wakampiga ndugu yake risasi, akafa pale pale. Karp akamchukua mkewe Akulina na watoto wao wawili, Savin wa miaka tisa na Natalia wa miaka miwili, wakaingia msituni. Walihama mara nyingi, kila mara wakienda mbali zaidi, mpaka wakafika mahali ambapo hapana aliyewafuata. Huko katika miaka ya 1940 wakazaliwa wawili wengine, Dmitry na Agafia. Hao wawili walikua mpaka utu uzima bila kumwona mtu ye yote asiye wa nyumba yao.

Sasa tutazame walichochukua, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la hotuba yangu. Walichukua mbegu. Walichukua sufuria na birika chache za chuma, vyombo vya kulimia na kukatia miti, gurudumu la kusokotea nyuzi, vipande vya mtambo wa kufumia nguo, na vitabu vyao vya dini. Fikiri uzito wa mtambo wa kufumia juu ya mabega ya mtu anayepanda milima akiwa na mtoto wa miaka miwili! Lakini bila mtambo ule wangekufa kwa baridi. Walilima mmea wa jamii ya bangi, si kwa kuvuta, bali kwa nyuzi zake, wakasokota, wakafuma, wakashona, na nguo ilipochakaa wakaitia viraka juu ya viraka. Viatu walitengeneza kwa gamba la mti wa birchi. Moto waliwasha kwa gumegume. Chakula chao kikuu kilikuwa viazi ulaya, ambavyo walivichanganya na unga wa rai, yaani nafaka iliyo ndugu ya ngano, na mbegu za ule mmea wa nyuzi. Walikuwa na njegere na vitunguu, na msitu uliwapa kokwa za misonobari. Nyama ilikuwa haba, kwa kuwa hawakuwa na bunduki wala upinde. Dmitry alipopata nguvu za kiume, katika miaka ya mwisho ya 1950, alianza kuchimba mashimo ya kutegea wanyama, au kumfukuza mnyama mlimani mpaka achoke aanguke. Inasemwa aliweza kukimbia bila viatu katika baridi kali na kurudi amebeba nyama mabegani.

Akulina aliwafundisha watoto kusoma na kuandika kwa vitabu vya dini. Kalamu ilikuwa kijiti cha birchi kilichochongwa, na wino ulikuwa maji ya matunda ya mwituni. Hesabu ya siku nayo hawakuipoteza. Walihesabu miaka kwa desturi ya zamani, tangu kuumbwa kwa Adamu, na walipokuja kukutana na watu wa nje tarehe zao zilikuwa sawa.

Mpaka hapa msomaji atasema, "Basi ulisema kweli katika mjadala, watu hawa walijitosheleza." Nami nilifurahi nilipofika hapa katika kusoma. Lakini endelea.

Sufuria na birika zilishika kutu, mwaka kwa mwaka, mpaka zikatoboka. Mtu aweza kuotesha viazi vingine, wala hawezi kuotesha sufuria. Wakatengeneza vyombo vya gamba la birchi, vizuri vya kutia maji, lakini chombo cha gamba hakitelekwi juu ya moto. Kwa hiyo hata kupika viazi, kazi ambayo kwetu mtoto wa miaka saba huifanya, ikawa shida. Nilikuwa nimesema mbele ya wanafunzi wote kwamba shoka na jembe vyatosha. Sikujiuliza shoka lilitoka wapi. Lilitoka kwa mhunzi, na mhunzi alipata chuma kwa mchimbaji, na mchimbaji alilishwa na mkulima. Mtu aingiaye msituni na shoka amewabeba watu hao wote mkononi, bali hawaoni. Siku shoka lilipokwisha ndipo huona kwamba wamemwacha.

Jambo la pili ni mbegu. Katika mwaka 1961 theluji ilianguka mwezi wa Juni, wakati mimea ilipokuwa shambani, na baridi ikaua karibu kila kitu. Walikula majani, magamba ya miti, na hata ngozi za viatu. Chakula kidogo kilichokuwapo Akulina aliwaachia watoto wake, naye akafa kwa njaa. Mbegu ya rai ilikuwa imepotea kabisa, isipokuwa kwamba katika kitalu cha njegere waliona jani moja limechipua, nalo ni la rai. Mche mmoja tu! Wakauzungushia uzio, wakaukalia ulinzi mchana na usiku, panya na kindi wasiuguse. Suke lilipokomaa walihesabu punje 18. Hawakuonja hata moja. Walizipanda mwaka uliofuata, na mavuno yake wakayapanda tena, mpaka shamba la rai likarudi.

Nimesoma habari ile ya punje 18 mara nyingi, nami kila mara huwaza juu ya nyumba za kwetu. Kwetu mtu akipoteza mbegu za mtama huenda kwa shangazi yake, au kwa jirani, akaomba kibaba kimoja, na mwaka ujao yeye ndiye aombwaye. Ni jambo dogo hata hatuliiti msaada. Jamaa ya Lykov hawakuwa na jirani, na kwa sababu hiyo maisha ya watu watano yalitundikwa kwenye suke moja, lililolindwa na watu wenye njaa wasilale. Waliokoka, nami nawastahi kwa subira yao. Lakini panya mmoja angefika kabla ya mlinzi kuamka, hatungesema tena neno la kujitosheleza.

Walionekana katika mwaka 1978. Rubani wa helikopta alikuwa akitafuta mahali pa kuwashusha wataalamu wa kutafuta madini, akaona juu mlimani mistari kama ya shamba, mahali ambapo kwa hesabu za serikali hapana mtu. Wataalamu wanne, wakiongozwa na bibi mmoja, Galina Pismenskaya, wakapanda kwa miguu wakiwa na zawadi mifukoni. Mzee Karp akatoka kibandani, miguu mitupu, nguo zimejaa viraka, ndevu hazina mpangilio. Alikuwa na hofu, lakini aliwakaribisha. Ndani palikuwa na chumba kimoja, cheusi kwa moshi, chenye dirisha moja dogo, na sakafu imefunikwa kwa maganda ya viazi na ya kokwa. Wale mabinti wawili walilia na kusali, wakidhani hukumu imewajia kwa sababu ya dhambi zao. Wageni wakaondoka wakaketi mbali kidogo, wakawasha moto. Baadaye wenyeji wakawajia wenyewe, kwa kunyatia. Walipewa mkate. Mzee alisema aliwahi kula mkate zamani, lakini watoto wake hawajapata hata kuuona. Na huyo mtoto mkubwa, Savin, umri wake ulikwisha kupita miaka 50!

Hawakujua kwamba palikuwa na Vita Kuu ya Pili. Karatasi ya plastiki inayopenya nuru ilimshangaza Mzee Karp kuliko habari za watu kwenda mwezini. Alisema ni kioo, lakini chakunjika. Hata hivyo hakuwa mjinga. Tangu miaka ya 1950 aliona nyota ziendazo upesi mbinguni, akakisia kwamba watu wametengeneza mioto ya kurusha juu. Alikisia sawasawa, maana zilikuwa setilaiti.

Zawadi nyingi walizikataa kwa sababu ya dini yao. Zawadi ya kwanza waliyokubali ilikuwa chumvi. Karp alisema kwamba kukaa miaka ile yote bila chumvi yalikuwa mateso hasa. Hilo nalielewa vizuri, nadhani na kila mtu wa Uganda atalielewa. Katika ziwa la Katwe, upande wa magharibi, watu wamekuwa wakivuna chumvi tangu zamani sana, na huko Kibiro, kando ya Ziwa Albert, wanawake huipika kwa kuchuja udongo wenye chumvi. Ardhi ya Kibiro ni kavu haistawishi vyakula, kwa hiyo chumvi ilipanda mlima kwenda sokoni, na vyakula vikateremka. Twapenda kusema kwamba babu zetu walijitegemea bila dukani. Ni kweli, lakini si kila nyumba peke yake. Mtu wa Katwe alijua wachuuzi watafika, na wachuuzi walijua chumvi ipo, hata kama ni mwendo wa siku nyingi na lugha nyingine.

Baadaye wataalamu wale walipokuwa na kambi chini ya mto, jamaa ya Lykov walizoea kuwatembelea. Dmitry, ambaye ndiye aliyejua msitu kuliko wote, alipenda zaidi kiwanda kidogo cha kupasulia mbao. Gogo ambalo yeye angelilainisha kwa siku moja au mbili, msumeno wa mashine uligeuza kuwa mbao zilizonyoka mbele ya macho yake. Alizipapasa kwa mkono, akazisifu. Nasikitika nikimfikiria pale. Alikuwa fundi aliyezaliwa, aliyefanya kazi maisha yake yote bila kumwona fundi mwingine. Kulikuwa na televisheni pia kambini, na hiyo iliwashinda kwa namna nyingine: waliitazama, kisha wakatubu, kisha wakaja tena kuitazama. (Wenye kusimamia bweni letu wanaijua hali hiyo.)

Kuna upungufu mmoja ambao vitabu huutaja kwa maneno machache, nami naona ni mkubwa kuliko ule wa chumvi na wa chuma. Katika miaka ile yote ya upweke hapana hata mmoja wa watoto wale wanne aliyeoa au kuolewa. Wangeoana na nani? Hapakuwa na harusi, wala mkwe, wala shemeji, wala mjukuu wa kumwita Karp babu. Mtu aweza kuishi miaka mingi bila birika. Lakini nyumba isiyo na njia ya kutokea na kuingia watu huisha, hata ikiwa na viazi vya kutosha.

Ikaisha upesi kuliko walivyotazamia. Mwishoni mwa mwaka 1981 Savin, Natalia na Dmitry walikufa mmoja baada ya mwingine. Yasemekana wale wawili wa kwanza walikuwa na ugonjwa wa figo, labda kwa sababu ya chakula kigumu cha miaka mingi, na Dmitry alishikwa na homa ya mapafu. Wako waliosema kwamba wageni ndio walioleta ugonjwa wake, kwa kuwa mwili wake haukuzoea maradhi ya watu wengi. Kama ni hivyo, basi hiyo nayo ni bei ya upweke ambayo mtu haioni mpaka mgeni afike. Watu wa kambini walitaka kumwita helikopta impeleke Dmitry hospitali. Alikataa. Dini yao haikuruhusu, naye alisema mtu huishi kadiri Mungu anavyompa. Sisi tuliolelewa katika shule ya misheni tusimcheke, wala tusimsifu haraka. Mimi nimejaribu kuandika sentensi ya kumhukumu, nikaifuta.

Mwaka 1982 mwandishi wa gazeti la Moscow, Vasily Peskov, alianza kuandika habari zao, na nchi nzima ikazisoma. Watu wakawatumia nguo, vyakula na barua. Jamaa zao wa dhehebu lao walipatikana, wakawaomba Karp na Agafia watoke msituni. Wakakataa. Karp akafa tarehe 16 Februari 1988, na Agafia akabaki peke yake.

Bibi Agafia ndiye aliyenifanya nisiandike makala hii kwa urahisi. Kama habari zingeisha kwa kifo cha baba yake, ningesema tu kwamba upande wetu ulishindwa, na nafsi yangu ingetulia. Lakini yeye alipata nafasi ya kuchagua. Katika miaka ya 1980 alisafiri kuwatembelea jamaa zake, akaona ndege, motokaa, nyumba kubwa na fedha. Katika mwaka 1990 alikwenda kukaa katika nyumba ya watawa. Hakudumu. Alisema hewa na maji ya nje humdhuru, na barabara zenye magari humtia hofu, akarudi kwenye milima yake, kwenye mbuzi wake na sala zake.

Ila tazama jinsi alivyorudi. Sasa alikuwa na unga na chumvi vilivyoletwa kwa helikopta, na sufuria, na nyasi za mbuzi zilizokatwa na mikono ya wengine. Katika mwaka 1997 mmoja wa wale wataalamu wa madini, Yerofei Sedov, aliyekuwa amepoteza mguu, akaja kukaa karibu naye. Walikuwa wakigombana kama majirani wagombanavyo, naye Agafia akimchotea maji na kumtafutia kuni yule mlemavu, mpaka Sedov alipofariki mwaka 2015. Mwezi wa Januari 2016 Agafia mwenyewe alishikwa na maumivu ya miguu katikati ya baridi kali. Helikopta ikamchukua, akatibiwa katika hospitali ya mji wa Tashtagol, akapona, akaomba kurudishwa nyumbani. Wakamrudisha. Mwaka 2021 akajengewa nyumba mpya ya mbao na watu wa nje, mahali pale pale alipozoea.

Msemaji mwenzangu wa upande wa kukubali, nilipomsimulia hayo, alisema kwamba Agafia ni ushahidi wetu, kwa kuwa ameuona ulimwengu akauacha. Msemaji wa upande wa pili akasema ni ushahidi wao, kwa kuwa hata msituni anaishi kwa chumvi ya wengine. Walibishana mpaka kengele ya kulala ikalia. Mimi sikusema neno. Nilikuwa nawaza usiku wa zamu katika mwaka ule wa njaa: mmoja wa wale watu watano amekaa gizani kando ya uzio, kijiti mkononi, akisikiliza panya.